Shemeji Yangu, Mlezi wa Kwaya

Nianze kwa kusema kwamba mimi kanisa nalipenda, na atakayesikia haya akasema Kabula ameasi, ajue hanijui. Nimebatizwa hapa Cheyo, nimefunga ndoa hapa, marehemu mume wangu tulimuagia hapa, na Jumapili nisipoonekana watu huuliza kama naumwa. Ila kuna mambo nikiyanyamazia nitapasuka. Moja ni hili la shemeji yangu Shilinde, mume wa dada yangu Minza, na kile kiti chenye kitambaa.

Huyu Shilinde, kabla hajawa Baba Mlezi, kwa miaka mingi alikuwa fundi wa mabehewa pale reli. Mtu wa koti moja la kahawia, maneno machache na mkono wa birika. Ukimtuma sukari anakurudishia chenji mpaka ya hamsini, na ukimuazima nyundo anakuja kuiulizia kabla hujapiga msumari. Dada alikuwa akilalamika, mimi nikimcheka, lakini mtoto wao Shukrani alisoma akamaliza, na hakuna mwenye duka aliyewahi kuwagongea mlango. Kanisani alikaa benchi la nyuma karibu na mlango, akatoa sadaka yake aliyoikunja ikawa ndogo, akaenda zake nyumbani. Wazee wa kanisa hata jina lake hawakulijua. Walimwita "yule mzee wa koti".

Akastaafu, kiinua mgongo kikaingia benki, na hapo ndipo shemeji yangu alipopata jina.

Sijui nani alipeleka habari. Wiki ileile Silasi, mwenyekiti wa kwaya yetu ya Asali Mwambani, alifika kwa dada na wanakwaya wenzake, wakaimba ubeti mzima mlangoni kabla hata ya kupiga hodi. Silasi ni mwanamume mtanashati, ana sauti nzuri kweli, na akikusifia unaanza kujitazama upya kwenye kioo.

"Mzee Shilinde, shikamoo," akasema. "Tumefunga na kuomba, na kila tukifumba macho unatujia wewe."

"Marahaba. Nawajia vipi?"

"Katika maono, baba. Mungu ametuonyesha mlezi wa kwaya."

Mimi na dada tulikuwa uani tunachambua mchicha. Nikamnong'oneza, "Dada, hayo maono yamepitia benki kwanza." Akaniambia ninyamaze, hao ni watumishi wa Mungu.

Kwa asiyejua, mlezi wa kwaya halei mtu. Haimbi, hafundishi, mazoezini haonekani. Ni mtu mwenye pesa ambaye kwaya imemuona kabla kwaya nyingine hazijamuona. Basi Jumapili iliyofuata shemeji akaitwa mbele, akaombewa kwa kuwekewa mikono, akatoa sadaka nene ya shukrani, na alipotaka kurudi benchi lake la nyuma, Silasi akamshika kiwiko akamkalisha mbele, kwenye kiti chenye kitambaa cheupe, karibu na wazee wa kanisa. Nisiseme uongo, siku ile nilifurahi kwa ajili yake. Alikaa mgongo wima, mikono magotini, anatazama mbele tu. Nikajisemea, kumbe huyu mtu miaka yote alikuwa akitamani kuitwa jina lake, na sisi tulidhani anapenda kukaa mlangoni.

Lakini kiti kile, ndugu zangu, kina kodi. Mwezi wa kwanza, suti za kwaya, zambarau, na viatu vyake. Kwaya ya vijana ikasikia, nayo ikaota maono. Akina mama wakaota. Wapiga ngoma wa shule ya Jumapili, watoto wadogo kabisa wale, nao wakafundishwa kuota. Shemeji akawa mlezi wa kila kitu kilichopumua humo ndani. Babu zetu wa Unyamwezi walibebea wenye misafara mizigo mpaka pwani, na walilipwa. Huyu wa kwetu alikuwa akibeba mizigo ya kanisa zima na kulipia ubebaji.

Halafu kuna mnada. Kwetu asiye na fedha huleta alichonacho, kuku, mayai, viazi vitamu, kidumu cha asali, na baada ya ibada vinanadiwa nje. Ni utaratibu mzuri, hata karanga zangu zimenadiwa humo. Ila una kipengele kimoja nadhani alikibuni shetani akiwa ametulia: ukinunua kitu unaweza kukirudisha mezani kinadiwe tena, na ukikirudisha unapigiwa vigelegele kuliko aliyekinunua akaenda kupikia watoto. Kulikuwa na jogoo mmoja mwekundu. Shemeji akamnunua, akamrudisha. Akamnunua tena kwa bei ya juu, akamrudisha. Safari iliyofuata hakuna mwingine aliyekuwa akitaja bei, alikuwa akishindana na nafsi yake, na Silasi anamhimiza, "Mzee, umepitwa hapo! Umepitwa!" Amepitwa na nani? Watu wakacheka mpaka machozi, na shemeji akapanda tena. Jogoo akaishia kwa mchungaji. Sisi nyumbani tulikula maharage.

Dada hakugomba. Dada yangu si mtu wa kugomba, kazi hiyo aliniachia mimi. Na msidhani ni mchoyo. Zaka ya karanga zake haijawahi kulala ndani. Bibi Paskazia, jirani yetu mjane asiye na mtu, unga anaokula unatoka kwa dada, na mimi mdogo wake wa damu nilikaa miaka bila kujua, mpaka nilipouliza lile beseni lililofunikwa khanga huwa linakwenda wapi kila Jumamosi.

Alikuwa na ombi moja tu katika kile kiinua mgongo: mashine ya kusaga. Wana kiwanja Isikizya, banda limeshajengwa, umeme umefika, na watu wa pale walikuwa wakibeba mahindi kwenda mbali kusaga. Nishant, mwenye duka la mashine mjini, alimuwekea moja pembeni akaifunika turubai kwa heshima yake. Lakini alimwambia wazi, "Mama Shukrani, mwisho wa mwezi usipokuja, yuko mteja wa Nzega anaitaka. Mimi nafanya biashara, mama, usinichukie." Mtu mkweli yule. Uzee wao wote ulikuwa chini ya lile turubai, maana pensheni ya shemeji ikitoka inakwenda kwenye dawa zake za presha na umeme, basi.

Katikati ya hayo kanisa likaleta semina ya uwakili. Mwalimu alitoka mbali, na suti yake, na kipaza sauti cha kubandika shavuni. Akafundisha vizuri, tena sana: kwamba mali zote ni za Mungu, sisi tumeachiwa kuzitunza, siku moja tutaulizwa. Akapaza sauti, "Mali uliyonayo ni ya nani?" Tukajibu, "Ya Mungu!" Akasema, "Basi itoe!" na vikapu vikaanza kupita. Dada yangu, ambaye kanisani hajawahi kuuliza hata saa, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, samahani. Huyu aliyeachiwa atunze, akigawa vyote, mwenyewe akirudi atamkuta anatunza nini?"

"Swali zuri sana, mama," mwalimu akasema. "Tutalijibu baada ya sadaka."

Baada ya sadaka tulifunga kwa sala.

Sasa ikaja barua yenye muhuri: kwaya inazindua albamu, na mgeni rasmi ni Mzee Shilinde. Mnaijua kazi ya mgeni rasmi kwenye uzinduzi? Anakata utepe, anasikiliza risala inayotaja vyombo vinavyohitajika, kinanda, spika na kadhalika, kisha mwisho kabisa, watu wote wakiwa wamesimama, anatoa bahasha na kutangaza kilichomo. Ni kama mahari, ila hupewi mke. Shemeji aliisoma ile barua mpaka ikalainika. Ijumaa akaenda benki, akazoa kilichobaki, chote, pesa ya mashine.

"Baba Shukrani," dada akamwambia mbele yangu, "hiyo ni ya Nishant."

"Nikitoa, Mungu atarudisha mara mia."

"Atairudisha kupitia wapi? Si angalau tumwachie mlango, hiyo mashine?"

"Mama Shukrani, una imani ndogo," akasema, na hiyo sentensi haikuwa yake, niliitambua sauti ya Silasi humo ndani. Akaitia bahasha mfuko wa ndani wa koti jipya.

Shemeji alipotoka kwenda mazoezini kuelekezwa namna ya kukata utepe, dada akakaa kwenye kigoda akalia. Hakulia kwa sauti, alijifuta tu kwa ncha ya khanga na kuendelea kulia. Haki ya Mungu, damu ilinichemka. Nikamwambia, "Ngoja alale, nitoe bahasha, nitie magazeti. Aibu na iwe ya kwake." Akatikisa kichwa. "Siwezi kumuibia mume wangu, Kabula. Mungu aliniachia huyu nimtunze, hakuniachia koti lake peke yake." Nikamuona mjinga, na nilimwambia hivyo.

Siku ya uzinduzi kanisa lilijaa. Maua ya karatasi, maturubai nje, wageni mpaka kutoka Igunga. Shemeji akaingia katikati ya mistari miwili ya suti za zambarau alizozinunua mwenyewe, akakata utepe kwa mkasi uliokaa kwenye sahani. Risala ikasomwa. Ilianza kwa Adamu na kuishia kwenye kinanda. Silasi akasema kabla ya tukio kubwa la mgeni rasmi tuchangamshe kwanza kwa mnada kidogo. Kuku wakauzwa, keki ikauzwa, nakala ya kwanza ya albamu shemeji akainunua na kuirudisha, vigelegele. Ndipo Silasi akaharibu mambo yake mwenyewe. Akamgeukia dada.

"Na Mama Mlezi! Mama yetu mpole! Hana chochote cha kuweka mezani leo, amuunge mkono baba?"

Kwaya ikaanza pambio la kumuita. Dada akainuka. Nilijua ana karanga nje na nikadhani anakwenda kuzileta. Alikwenda mbele, akapokea kipaza sauti kwa mikono miwili, akainama kumsalimia mchungaji.

"Ninacho," akasema. "Naweka mezani mume wangu."

Kanisa likalipuka kwa kicheko. Silasi alicheka akajipiga paja, shemeji naye akacheka akitazama huku na huku. Dada akangoja watulie.

"Nimwelezee, maana mnada lazima mtu ajue ananunua nini. Miaka yake sitini na mmoja. Hana ulevi, hajawahi kunipiga. Ana presha, dawa zake hazitakiwi kukatika. Mgongo unamuuma wakati wa baridi, kunatakiwa mtu wa kumkanda. Dagaa hali, ugali anataka wa moto. Pesa aliyokuwa nayo mnaijua, mmeshaivaa. Iliyobaki ataitoa leo, kuanzia kesho hana. Anayemnunua amchukue leo leo, amlishe, akiugua amtibu, siku yake ikifika amzike. Naanza na elfu kumi. Nani?"

Kicheko kikabaki kwa wachache, kisha nao wakaacha.

"Elfu tano."

Shemeji alikuwa bado ana tabasamu, lakini lilikuwa limemkauka mdomoni. Akaitazama kwaya. Suti zote za zambarau zilikuwa zikitazama chini, zinakagua viatu.

"Elfu moja. Jamani, huyu ndiye Baba Mlezi. Jogoo alifika bei gani?"

Mchungaji akasafisha miwani yake. Mimi nilitaka kuinua mkono, kwa huruma, nimuokoe shemeji yangu, na dada akanikazia jicho nikaushusha. Kwenye kile kiti chenye kitambaa mtu mzima alikuwa anangoja mtu yeyote aseme shilingi elfu moja, na hakuna aliyesema.

Dada akafungua fundo la khanga yake, akatoa sarafu ya mia mbili, akaiweka mezani.

"Mia mbili. Mwenyekiti, endelea na kazi yako."

Silasi akarudi nyuma hatua moja. Basi ni Bibi Paskazia, nyuma huko, aliyesimama kwa fimbo yake na kupaza sauti, "Mara ya kwanza! Ya pili! Ya tatu! Ameuzwa!" Na mimi nikapiga kigelegele mpaka koo likaniuma.

Silasi akapata akili. Akasogea na tabasamu lake, akanyoosha mkono kuelekea koti la shemeji. "Tumefurahi sana, mama, utani mtamu kweli. Sasa mgeni rasmi atupatie ile bahasha, halafu twende kwenye chakula."

"Bahasha ipo kwenye koti," dada akasema, "na koti limevaliwa na mtu niliyemnunua. Mwenyekiti, mavuno yaliyopita Bibi Paskazia alileta kikapu cha viazi, akasahau khanga yake mpya chini ya viazi. Alipokuja kuiomba ulimwambia nini? Ulimwambia mnadani kitu kinakwenda na kilichomo, ukishauza umeuza. Aliyenunua kikapu akaenda na khanga. Au utaratibu ule ulikuwa wa bibi peke yake?"

"Kweli kabisa," Bibi Paskazia akasema. "Ile yenye maua ya njano. Naiona kila Jumapili kwa mwenzangu hapo."

Silasi akamgeukia mchungaji. Watu wote tukamgeukia mchungaji. Nilimuona mtu wa Mungu akivitazama vyombo vilivyotajwa kwenye risala, akamtazama dada yangu, akaitazama ile sarafu juu ya meza. Akavaa miwani.

"Silasi, kaa chini," akasema. "Tusimame tufunge kwa sala."

Pilau hatukula. Tulitoka watu watatu kwa mguu, dada mbele, shemeji nyuma yake, mimi pembeni nimeshika viatu vyangu mkononi maana vilikuwa vimenibana tangu asubuhi. Nilikuwa na maneno tele ya kumwambia yule mtu, niliyatunza tangu siku ya jogoo. Nilipomtazama usoni yote yakaniishia. Tulitembea kipande kirefu, na dada hakuigusa ile bahasha wala kuiulizia.

"Hata mmoja, Mama Shukrani?" shemeji akasema mwishowe. "Elfu moja tu. Hata Silasi?"

Tukaendelea kutembea.

"Na wewe," akasema, "wewe mke wangu, mia mbili?"

"Ndiyo yote niliyokuwa nayo, Baba Shukrani," dada akasema.

Shemeji akasimama pale barabarani. Akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa ile bahasha, akampa kwa mikono miwili, akaanza kulia waziwazi na watu wanapita. Mimi nikavaa viatu vyangu, nikatangulia nyumbani kuwasha moto.